Saa ya Mtu

Ndani ya gemu ya Elite Dangerous kuna kituo kinaitwa Hutton Orbital. Kiko Alpha Centauri, mfumo wa nyota ulio jirani kabisa na Jua letu. Kuruka kutoka kwetu hadi kule hakumalizi hata dakika moja. Shida huanza ukishafika, kwa sababu mruko hukutua karibu na nyota kubwa ya mfumo, na Hutton iko mbali huko upande wa Proxima, 0.22 ya mwaka wa nuru. Kwa injini ya kawaida hiyo ni zaidi ya saa moja ya kukaa mbele ya skrini ukiangalia namba ikipungua. Adui hayupo, kona hakuna, na huna cha kubonyeza.

Na wageni wengi, siku zao za kwanza, hukutana na mkongwe anayewaambia kwamba Hutton wanapeana Anaconda bure. Anaconda ni kati ya vyombo vikubwa na ghali zaidi kwenye gemu, kile ambacho mgeni akikiona kikipita anajiuliza atakinunua mwaka gani. Basi mgeni anafunga safari. Saa moja na kitu baadaye anafika na kukuta kikombe. Kweli, kikombe cha chai chenye jina la kituo, kinauzwa kama bidhaa, pamoja na pombe fulani ya jini. Anaconda hakuna, na haijawahi kuwepo. Kituo chenyewe hakina hata uwanja mkubwa wa kutosha Anaconda kutua.

Utani huu una umri sasa. Kuna watu wanaupenda mpaka wameunda kundi la wachukuzi wa Hutton, na kikombe kimekuwa kama nembo. Lakini mimi nina swali ambalo najua wengine wataona halifai kuulizwa kuhusu gemu: huu ni utani, au ni wizi?

Kwanza tuelewe kwa nini safari haina njia ya mkato. Gemu mojawapo iliyotangulia katika ukoo huu, Frontier: Elite II ya mwaka 1993, ilikuwa na kitufe cha kuharakisha muda. Sayari iko mbali? Bonyeza, siku zinapita kama sekunde, umefika. Iliwezekana kwa sababu ulikuwa peke yako kwenye ulimwengu ule, na saa yote ya ulimwengu ilikuwa mali yako. Elite Dangerous ilipotoka Desemba 2014, watu walikuwa wameingia mle ndani kwa maelfu. Ukiharakisha saa yako, ya jirani yako itakuwaje? Haiwezekani mimi niwe Jumatano na wewe uko Jumatatu na bado tukutane kituoni. Kwa hiyo kile kitufe kikaondoka. Mwaka 2024 walileta injini inayopunguza sana safari za ndani ya mfumo, ingawa inakunywa mafuta vibaya na kuchemsha chombo. Lakini hata hiyo haigusi saa, inaongeza mwendo tu. Sote bado tuko dakika moja.

Hapo ndipo ukongwe unapoonekana. Mtu asiyecheza akisikia "mchezaji mzoefu wa gemu ya angani" huwaza mtu wa vidole vyepesi, anayelenga na kupiga. Kwa safari ndefu ukongwe ni kitu kingine kabisa, unakaribia kuwa tabia ya dereva wa lori. Kabla hajaondoka, anang'oa silaha kwenye chombo chake, kwa sababu uzito unakula umbali. Anaweka kifaa cha kuchota mafuta. Halafu anachuja ramani, maana si kila nyota inatoa mafuta. Ni aina saba tu, O, B, A, F, G, K na M, ndizo unaweza kupita karibu na uso wake tangi likajaa. Nyingine zote ni mapambo. Ukiruka mara tatu nne mfululizo kwenye mapambo, umeisha.

Kisha kuna nyota za nyutroni. Hizi hutoa mikia miwili ya mwanga, na ukipitisha chombo ndani ya mkia, mruko unaofuata unakuwa mara nne ya kawaida. Ukikosea pembe, mkia unakurusha kama jani na kukuvunjavunja. Wakongwe hupita humo mara mia kwa safari moja, wakisimama kila baada ya muda kurekebisha injini ya kuruka, kwa sababu kila mkia unaikwaruza kidogo. Hakuna anayekulazimisha kusimama. Unasimama kwa sababu umeona yanayowapata wasiosimama.

Tupige hesabu kidogo. Colonia, makazi yaliyo ndani kabisa ya galaksi, iko karibu miaka 22,000 ya nuru kutoka Jua. Chombo kinachoruka miaka 50 ya nuru kwa mara moja kitahitaji miruko 440. Hata kila mruko ukichukua dakika moja tu, hizo ni saa saba na zaidi, bila kusimama, bila kwenda choo. Beagle Point, kule ukingoni, ni mara tatu ya hapo. Mwaka 2019 zaidi ya watu 10,000 walijiandikisha kwenda huko pamoja katika msafara uliochukua miezi.

Sasa, wanafanya nini muda huo wote? Wengine wanaangalia nje, na wanastahili heshima. Wengi wanaosha vyombo. Wanasikiliza redio, wanakunja nguo, wanasoma. Mkono mmoja uko kwenye maisha, mwingine unarudi kila baada ya dakika kugeuza chombo kisichome uso kwenye nyota. Sijawahi kuona hilo kama kudanganya. Abiria wa basi la usiku la Mombasa akilala mpaka Mtito Andei, bado amesafiri.

Ile miaka 22,000 ya nuru haipo, ni namba kwenye kompyuta. Mafuta hayapo. Anaconda haipo, iwe ya bure au ya pesa. Lakini zile saa saba zipo. Zimetoka kwenye maisha ya mtu halisi mwenye mgongo unaouma, na hazirudishwi. Kwenye gemu nzima kitu cha kweli kinachopita mkononi ni kimoja, muda wa watu. Kwa hiyo mtu akiniambia "ni gemu tu" kana kwamba hakuna kinachoweza kuumizwa mle ndani, namwambia aangalie ukutani, saa inasemaje.

Labda ninaliona hivi kwa sababu ya kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na mkate wangu mwingi unatokana na kuandika maneno ya watu kutoka kwenye rekodi. Unalipwa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika uliyotumia wewe. Rekodi ya saa moja yenye watu watatu wanaokatizana inakula saa nne zangu, wakati mwingine tano. Ukifanya kazi hiyo miezi michache hutasema tena "saa moja tu" kwa wepesi. Unajua ilinunuliwa kwa ngapi.

Rafiki yangu mmoja alitumwa Hutton wiki yake ya pili kwenye gemu. Alikwenda kwa bando la simu, laptopu ikiwa imechomekwa ukutani, anaomba stima isipotee, maana betri yake haimalizi dakika ishirini. Alifika. Alinunua kikombe. Leo ukimuuliza anacheka mpaka anashika meza.

"Wewe unataka kuifanya kesi kortini," aliniambia. "Mimi nilipata stori. Hata ningelipwa hiyo saa nisingeirudisha."

Namheshimu, na hoja yake si nyepesi. Kuna safari ambazo thamani yake iko kwenye kudanganyika. Kama angeambiwa ukweli, kwamba huko kuna kikombe, asingekwenda, na asingekuwa na hicho anachokisimulia. Utani pia ni namna ya kumpokea mtu. Kwenye kazi nyingi za mikono mgeni hutumwa dukani kuleta kitu kisichouzwa popote, na akirudi mikono mitupu huku wote wanacheka, ameshakuwa wa nyumbani.

Lakini tazama nani anayesimulia. Ni wale waliobaki. Yule aliyefika Hutton, akaangalia kikombe, akafunga kompyuta na kutorudi tena, hayuko hapa kutuambia ilikuwa poa au la. Tunahesabu vicheko vya waliocheka na kusema wote walicheka. Na hata kwa rafiki yangu, kicheko kile kilikuwa zawadi yake kutoa. Aliyemtuma alikichukua kabla hajapewa. Alikata saa moja ya mtu mwingine kwa kutumaini kwamba mwenyewe atakuja kuridhia baadaye. Ikatokea akaridhia. Hiyo ni bahati ya aliyemtuma, wala haimsafishi.

Mtu atauliza, basi na EVE Online? Swali zuri. EVE ni ya kampuni ya CCP ya Iceland, ilianza mwaka 2003, na wote, ukiacha wale wa China, wanacheza kwenye ulimwengu mmoja ulio kwenye seva London. Kule unasafiri kupitia mageti, mfumo hadi mfumo, na barabarani kuna majambazi. Wanakaa kwenye njia za kwenda Jita, soko kubwa, hata kwenye maeneo yenye polisi. Polisi wa EVE hawazuii, wanalipiza tu. Jambazi anajua chombo chake kitalipuliwa baada ya sekunde chache, ameshaweka hiyo kwenye gharama. Akikuona umebeba mzigo wa thamani kuliko vyombo atakavyopoteza, hesabu imefungwa. Mzigo ulioutafuta wiki nzima unaondoka kabla hujaweka chai mezani.

Kuna otopailoti pia. Inakupeleka yenyewe, lakini haikufikishi mlangoni pa geti. Inakuacha kilomita kadhaa nyuma, halafu unajikokota kama kobe mbele ya macho ya wote. Mzoefu haitumii akiwa na mzigo. Anaendesha kwa mkono, geti kwa geti, na kama mzigo ni mkubwa anatanguliza mwenzake mfumo mmoja mbele aangalie hali. Mhusika mmoja anayeitwa Katia Sae alitembelea mifumo yote ya EVE inayofikika, zaidi ya 7,000, kazi ya karibu miaka kumi iliyomalizika 2019, bila kupoteza chombo hata kimoja. Walimjengea sanamu ndani ya gemu. Na kwa vita alivyowahi kupigana hakuna hata mmoja anayemkumbuka, wanakumbuka njia tu.

Kama wizi wa saa ni wizi, basi majambazi wa EVE ni wezi wakubwa kuliko mtani wa Hutton. Wamekula wiki za watu. Mbona siwahukumu hivyo? Kwa sababu kila anayetoka bandarini kwenye EVE ameambiwa. Ndiyo sifa ya kwanza utakayosikia kuhusu gemu hiyo, kwamba ukitoka nje umekubali kupoteza. Unaweza kuichukia, lakini huwezi kusema hukuonywa. Jambazi wa kule anacheza na saa uliyoiweka mezani mwenyewe. Yule wa Hutton ameichukua mfukoni kwa mtu asiyejua kuna mchezo. Ukubwa wa hasara hauniambii mengi. Nauliza tu kama aliyepoteza alijua amekaa kwenye meza gani. (Najua kuna matapeli wa EVE ambao hawagusi geti, wanakulia kwa urafiki wa miezi. Hao sijawamaliza kichwani.)

Ukitaka kinyume kamili cha utani wa Hutton, kipo ndani ya gemu ileile. Wanaitwa Fuel Rats, panya wa mafuta. Tangu 2015 wamekuwa wakiwafuata wachezaji walioishiwa mafuta katikati ya giza na kuwapa, bila malipo. Wameshavuka uokoaji 100,000.

Namna inavyokwenda ni hii. Mafuta yakiisha kabisa, umeme wa chombo unazima na hewa ya dharura inaanza kuhesabu kurudi nyuma, dakika 5 mpaka 25 kulingana na ubora wa kifaa chako. Anayeomba msaada huulizwa kitu kimoja kabla ya vyote: saa ya hewa inahesabu? Kama inahesabu, anaambiwa atoke mara moja kwenye menyu kuu. Huko nje ya ulimwengu hewa haipungui. Anakaa hapo anangoja, na waokoaji wanaanza kuruka. Wakifika karibu wanamwambia arudi ndani, awashe taa ya kuwaelekeza, wanatua ubavuni mwake na kumrushia vidroni vyenye tani moja ya mafuta kila kimoja.

Nimelifikiria sana lile agizo la kutoka kwenye menyu. Ndilo tundu pekee kwenye saa ya pamoja. Aliyekwama anaruhusiwa kusimamisha muda wake. Anayemfuata haruhusiwi. Dakika arobaini za mwokoaji zinaendelea kuliwa moja moja, kwa ajili ya mtu ambaye hamjui, aliyekwama mara nyingi kwa sababu hakusoma aina za nyota kwenye ramani.

Na hawamtukani. Hili ndilo linanishika. Kila mahali pengine kwenye intaneti ukisema umeishiwa mafuta kwa sababu hukujua nyota nyeupe zile ndogo hazitoi, utachekwa mpaka ufute akaunti. Hawa wanatoa mafuta kwanza. Somo linakuja baadaye, tangi likiwa na kitu, wakati mtu anaweza kusikia. Kuna wanaosema huko ni kulea uzembe, mtu akijua ataokolewa hatajifunza. Sioni. Aliyekaa dakika arobaini kwenye menyu akingoja mgeni amletee mafuta ameshafunzwa. Kilichobaki ni aende zake akiwa na heshima yake.

Hii tunaijua hata hapa kwetu. Kwenye barabara ya Malaba, lori likizima usiku, dereva huvunja matawi na kuyapanga kwenye lami nyuma ya gari, hatua kwa hatua, ili anayekuja kasi ajue. Anafanya hivyo kabla hajafungua boneti. Watakaoyaona matawi hayo hatawaona, na wala hawatampigia simu kumshukuru. Amewaambia tu ukweli kuhusu barabara mbele yao, na ameulipia kwa dakika zake.

Muhula mmoja chuoni tulisomeshwa Kant, na nilichobaki nacho ni kwamba kwake tendo linapata uzito wa kimaadili likifanywa kwa wajibu, si kwa raha. Hapo panya wanapata alama ndogo, kwa sababu ukweli ni kwamba wanafurahia. Kuokoa watu ndiyo gemu yao. Wana mafunzo, wana utani wao, wanashindana nani atafika kwanza. Sidhani hilo linapunguza kitu. Yule mtani wa Hutton pia anafurahia. Wote wawili wana jioni moja ya raha na saa moja ya mgeni mikononi, na raha inafanana. Tofauti ni nani amebaki na saa.

Colonia yenyewe ilizaliwa hivyo. Mwaka 2016 kituo kizima cha angani, Jaques, kilijaribu kuruka hadi Beagle Point na kikapotea njiani. Wachezaji wakakitafuta, wakakipata kimekwama kule ndani, wakaanza kubeba vifaa vya kukitengeneza. Leo ni mji.

Sehemu ambayo haihesabiwi ni kurudi. Mabaharia walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, ila hakuna takwimu ya marejeo. Mwokoaji aliyekwenda mbali sana kumfuata mtu amebaki huko huko mbali. Na hapa gemu ina sheria ya ajabu. Ukifa, unafufuka kwenye kituo cha mwisho ulichotua, kwa kulipa asilimia 5 ya bei ya chombo. Kwa hiyo njia fupi kuliko zote ya kurudi nyumbani ni kujilipua. Mpelelezi hawezi kuitumia. Amebeba taarifa za nyota alizozigundua kwa wiki kadhaa, nazo ukifa kabla ya kuziuza kituoni zinapotea zote, na jina lake halitaandikwa kwenye nyota hata moja. Yeye lazima arudi kwa miruko yote, mmoja mmoja, ndiyo maana alihitaji mafuta badala ya kujiachia afe.

Mwokoaji hana cha kuuza. Ametoa mafuta, vidroni vimeisha, tangi lake limepungua. Anaangalia yule mgeni akiwasha injini na kuruka kuelekea nyumbani na hazina yake, kisha anafungua menyu ya chombo na kuchagua, arudi kwa saa saba au kwa sekunde kumi.